Mita Mbili za Nkwabi

Nkwabi Masele alitumia miezi saba kuchimba shimo la urefu wa mita nne, upana wa mita moja na kina cha mita moja na nusu nyuma ya nyumba yake huko Buswelu. Miezi saba ni mingi kwa shimo la ukubwa huo, lakini ardhi ya Buswelu ni ya kubahatisha. Unachimba nusu siku kwa urahisi, kisha jembe linalia, na chini yake kuna jiwe ambalo hakuna anayejua linaishia wapi. La Nkwabi lilianzia sentimita arobaini.

Alilichoma. Aliweka matairi chakavu na magogo juu yake, akawasha asubuhi, akasubiri mpaka jiwe lianze kutoa mlio wa kupasuka, kisha akalimwagia maji na kuligonga kwa nyundo ya kilo nane. Siku nzuri ilimpa vipande vya kujaza ndoo sita. Siku mbaya ilimpa moshi tu, na moshi ulikwenda kwa jirani yake Bernadeta, mwalimu mstaafu na mjane, ukakaa kwenye nguo alizoanika.

"Baba Evelina," Bernadeta alimwambia siku moja kutoka upande wake wa njia iliyotenganisha viwanja vyao, ameshika shuka lenye masizi, "hilo jiwe unaliua au unalipika?"

"Linakaribia kuiva, mwalimu."

"Likiiva uniletee kipande. Nimeshachangia shuka tatu."

Huo ulikuwa mwaka 2020, na walikuwa bado wanataniana.

Nkwabi sasa ana miaka hamsini na sita. Amekuwa fundi magari tangu akiwa na miaka kumi na tisa, na kwa sehemu kubwa ya muda huo hakuwahi kufanya kazi chini ya paa. Gereji alizozijua zilikuwa viwanja vitupu kando ya barabara, vyenye ardhi nyeusi kwa oili na mti mmoja wa kutundikia shati. Alihamishwa mara tano. Mara moja kiwanja kilipata mwenyewe, mara mbili barabara ilipanuliwa, mara nyingine hakuna aliyeeleza sababu. Kila mara alipakia spana zake kwenye toroli akaenda kuanza upya mbele kidogo.

Mwaka 2013, kwenye kiwanja kimoja cha Butimba, mvua ilikuwa imelainisha udongo na jeki ikazama upande mmoja. Pikapu ilishuka akiwa chini yake. Paja la kulia lilivunjika sehemu mbili. Mguu ulipona ukiwa mfupi kidogo na wenye chuma ndani, na tangu wakati huo hawezi kulala chali chini ya gari zaidi ya dakika chache. Ganzi huanzia nyongani na kushuka, mpaka watu wamvute kwa makwapa kama gunia. Fundi anayevutwa kwa makwapa mbele ya wateja hadumu na wateja.

Kwa hiyo alitaka shimo. Penye shimo gari hukaa juu na mtu husimama wima chini yake, kama mtu anayefanya kazi ya heshima. Alitaka shimo, paa juu yake, na boriti ya kuning'inizia mnyororo wa kunyanyulia injini, vyote viwe nyumbani kwake, ambako hakuna wa kumwambia ahame.

Kiwanja alikuwa amekinunua mwaka 2009 kwa hatua, kama viwanja vyote vya hapo vilivyouzwa wakati huo. Hatua thelathini kwa ishirini za muuzaji, ambaye bahati nzuri alikuwa mrefu. Mbele kuna mwamba unaoshuka hadi barabara ya mtaa, na watu hupanda nyumbani kwa ngazi za mawe. Gari haliwezi kuingia kwa mbele. Ubavuni kuna njia inayotoka barabarani, inapita kati ya kiwanja chake na cha Bernadeta, na kuendelea hadi kwenye nyumba tatu za nyuma. Uani kwake kuna jiwe jingine, kubwa kama lori. Kati ya jiwe hilo na njia kuna mita tano. Hapo tu ndipo gereji ingeweza kukaa.

Mwaka 2018 ulikuja urasimishaji. Kila mtaa uliokuwa umejengwa kiholela ulitakiwa upimwe, watu wapate hati, na barabara zichorwe kwenye ramani. Wenye viwanja waliitwa mbele ya nyumba ya mwenyekiti wa mtaa, Revocatus. Mpima ardhi, kijana mwenye kofia na karatasi kubwa iliyokuwa ikipeperuka, alisimama kwenye benchi.

"Hii njia ina mita mbili," alisema. "Mkitaka iwe barabara, kila upande utoe mita mbili. Zinakuwa sita. Gari la maji litapita, la wagonjwa litapita. Msipokubaliana, mimi naandika njia ya miguu. Sina ugomvi na mtu."

"Mimi natoa," Bernadeta alisema kabla hajaulizwa. "Mwenzangu akitoa."

Watu wakamgeukia Nkwabi.

"Mimi sitoi."

"Kwa nini, mzee?" aliuliza Mhoja, mwendesha bodaboda wa nyumba ya mwisho nyuma, ambaye njia hiyo ndiyo mlango wake pekee wa kutokea.

"Nina mpango na eneo langu."

"Mpango gani?"

"Gereji."

Watu walicheka. Mtu mmoja aliyekaa nyuma aliuliza kama magari yatashushwa na helikopta.

"Magari yanaingia kwangu kila Jumapili," Nkwabi alijibu bila kupandisha sauti. "Tena wewe unayecheka, la shemeji yako lilikuwepo juzi. Liliruka?"

Ilikuwa kweli. Wakati huo kiwanja cha Bernadeta hakikuwa na uzio, na magari yalipanda njia, yakakata kona juu ya ukingo wa viazi vyake, na kuingia uani kwa Nkwabi. Bernadeta hakuwahi kusema neno. Mara mbili tairi zilipita juu ya tuta, na mara mbili alipanda upya.

Nkwabi alizaliwa na kukulia kijijini Sengerema. Huko, shamba likishavunwa huwa ni mapito ya kila mtu mpaka mvua zirudi. Ng'ombe wa jirani hula mabua, watoto hukatiza kwenda shule, mikokoteni hupita katikati, na mwenye shamba anayekataza huonekana ana kasoro fulani. Mtu aliyekulia huko anajua mpaka wa kulima uko wapi. Mpaka wa kupita hajafundishwa. Kwa Nkwabi, alama za tairi kwenye viazi vya Bernadeta zilikuwa barabara tayari, na barabara ambayo tayari ipo haina haja ya kuchangiwa. Mita zake mbili alizihitaji kwa jambo ambalo lilikuwa bado halipo.

Bernadeta alimgeukia mpima. "Basi na mimi nazirudisha zangu," alisema. "Andika, mwanangu."

Mpima aliandika. Nkwabi alitia sahihi kwenye muhtasari, mstari wa tisa, kwa mwandiko wake mkubwa.

Modesta, mkewe, alikuwa amekaa upande wa wanawake na hakufungua mdomo mkutanoni. Alisubiri mpaka walipofika kwenye ngazi za mawe.

"Wape," alisema.

"Nikiwapa nabaki na mita tatu. Mita tatu ni banda la mbuzi."

"Ni banda la mbuzi lenye barabara."

Nkwabi alitangulia kupanda. Modesta anasema hakulirudia tena, kwa kuwa mume wake si mtu wa kuambiwa jambo mara mbili. La mara ya pili hulipinga hata kama la kwanza alikuwa amelikubali kimoyomoyo.

Shimo lilimalizika Februari 2021. Aliliweka karibu na njia, nusu yake ikiingia ndani ya zile mita mbili, kwa sababu upande huo ndio jiwe lilikuwa jembamba. Kisha akasimamisha nguzo sita, boriti iliyokatwa kutoka kwenye chesisi ya lori kuukuu, mabati kumi na manane, na mlango mpana wa bati unaofunguka kuelekea njiani. Kuta za shimo alizijengea kwa vipande vya jiwe lilelile, akazipiga lipu, akaacha vishimo vidogo vya kuwekea spana ili asiiname. Machi 2022 gari la kwanza lilipanda njia, likakata kona kwenye viazi, likaingia. Nkwabi alishuka shimoni kwa ngazi ya nondo, akasimama wima, akainua mkono akagusa chini ya injini. Modesta alikuwa mlangoni na chai. Anasema mumewe alikaa humo kitambo kirefu bila kufungua nati hata moja.

Alifanya kazi hivyo kwa miezi kumi na saba. Mguu haukufa ganzi. Wateja walimfuata kutoka mjini, mmoja akimwambia mwingine kwamba kuna fundi Buswelu anayefanya kazi polepole na gari halirudi.

Juni 2023 hati zilitoka. Bernadeta alikuja na yake ndani ya bahasha ya plastiki, akasimama mlangoni pa gereji.

"Baba Evelina, mwaka huu najenga ukuta. Nimechoka na mbuzi za watu."

"Vizuri, mwalimu. Utaacha ile kona, lakini."

"Kona ipi?"

"Pale magari yanapokata."

"Pale ni viazi vyangu."

Nkwabi alicheka, akidhani ni utani wa siku zote. Bernadeta hakucheka. Alimwonyesha kwa kidole mahali bikoni ya mpaka ilipozikwa, akaaga, akaondoka. Nkwabi alimwambia mkewe kwamba mjane anayeishi kwa pensheni hajengi ukuta kwa mwaka mmoja. Hakumuuliza Bernadeta kama watoto wake wanachangia. Walikuwa wanachangia.

Agosti, baba yake mdogo alifariki Sengerema. Nkwabi ndiye mkubwa kati ya watoto wa kiume wa ukoo, hivyo alivuka kwa kivuko siku hiyohiyo. Nyuma yake, juu ya shimo, aliacha gari dogo aina ya IST la Suhaib, mfanyabiashara wa vitenge mjini. Injini na giaboksi zilikuwa zimeshushwa, zimekaa kando juu ya mbao.

Siku ya pili ya msiba Modesta alipiga simu.

"Mwalimu amemwaga mchanga na tofali."

"Mchanga haujijengi."

Siku ya tatu akapiga tena. "Wamekuja mafundi wanne. Wamechimba msingi."

"Mwambie asubiri, nakuja."

"Nimemwambia. Amesema alikwambia Juni, na kwamba ukija utaukuta."

Angeweza kuondoka. Lakini matanga yalikuwa hayajaanuliwa, na yeye ndiye aliyetakiwa kusimama ukoo utakapogawana majukumu ya marehemu. Mkubwa wa ukoo anayeacha msiba kwa sababu ya ukuta wa jirani husimuliwa hadi na wajukuu. Alibaki. Aliporudi siku ya saba, ukuta ulikuwa umefika kifuani na umepita kwenye bikoni kwa unyoofu usiopingika.

Alipima. Njia ilikuwa na mita mbili kamili. IST ina upana wa mita moja na sentimita sabini. Inapita kwenye njia ikienda moja kwa moja. Kukata kona kuingia kwenye gereji, au kutoka, haiwezi, hata dereva awe nani. Gari lolote kubwa zaidi ya hilo halifiki hata mlangoni.

Alikwenda kwa Bernadeta bado na vumbi la safari.

"Mwalimu, umenifungia."

"Nimejenga kwangu."

"Nifungulie pale kwenye kona tu. Mita mbili. Tofali nitazilipa mimi."

"Nilikupa mita mbili mbele ya watu, ukazikataa mbele ya watu. Sasa unaziomba jikoni kwangu."

"Nilikuwa na mpango."

"Na mimi nina mpango. Wanangu wanajenga vyumba viwili vya kupangisha hapo, vinaegemea huo ukuta." Alimsogezea kiti. "Kaa, pole na msiba. Mimi sikuchukii, baba Evelina. Lakini ukitaka gari lipite huna haja na mita zangu. Toa zako. Mbili za njia na mbili zako ni nne. Gari litapita vizuri tu."

Hakukaa. Alijua hesabu hiyo tangu akiwa na futi mkononi. Mita zake mbili zilikuwa na nguzo tatu, nusu ya paa, na nusu ya shimo. Njia pekee ya kufikisha gari kwenye gereji ilikuwa kubomoa gereji.

Suhaib alikuja kuangalia gari lake wiki iliyofuata. Alipanda njia kwa miguu, akautazama ukuta, kisha akautazama mlango wa gereji.

"Mzee Nkwabi, gari langu liliingiaje humu?"

"Liliingia tu."

"Na litatokaje?"

Lilitolewa na watu. Mhoja ndiye aliyewakusanya: waendesha bodaboda wenzake, vijana wa nyumba za nyuma, na wajenzi wawili wa ukuta wenyewe. Walikuwa kumi na wanane. Walilisukuma gari bila injini mpaka pua ikaingia njiani, kisha wakashika nyuma na mbele, wakahesabu, wakanyanyua.

"Polepole upande wa ukuta," alisema Bernadeta, aliyekuwa amesimama juu ya ndoo upande wake akitazama rangi mpya ya ukuta. "Mkinikwaruzia mtapaka."

"Mwalimu, kama unasimamia mtihani tupe na alama mbili," kijana mmoja alisema, shingo imemvimba.

"Beba huko. Darasa la nne ulikuwa unapata alama za kuhurumiwa."

Walicheka na gari likayumba. Mtu aliuliza kama kuna padri, maana mzigo huu unabebwa kama jeneza. Mwingine akasema jeneza lina heshima, hulazimiki kulipindisha.

"Mzee Nkwabi," Mhoja alisema, uso wake ukiwa karibu na bampa, "hii ndiyo njia ya miguu. Unaona miguu ilivyo mingi?"

Nkwabi alikuwa ameshika bampa la nyuma. Iliwachukua nusu saa kuligeuza na kulishusha hadi barabarani. Injini ilifuata kwa mkokoteni, giaboksi kwa mkokoteni wa pili.

Kuvifunga kulifanyikia kando ya barabara, chini ya mwamba. Nkwabi alitandika turubai na kulala chali. Mara tatu ilibidi avutwe nje, na Suhaib, mtu mstaarabu, alijifanya anaongea na simu kila walipomvuta.

Miezi minne baadaye mke wa Mhoja alipata uchungu kabla ya siku zake. Gari la kumpeleka hospitali lilisimama barabarani. Walimshusha juu ya kiti cha plastiki, wanaume wanne, na kwenye njia iliwabidi waende kiubavu kwa sababu watu wawili kila upande na kiti katikati hawatoshi kati ya ukuta na mabati ya gereji. Mtoto alizaliwa salama. Wiki hiyohiyo Revocatus, mwenyekiti, aliandika barua ya kuomba ramani ya njia irekebishwe. Ilihitaji sahihi za nyumba tano. Bernadeta alitia ya kwanza; hakuwa anapoteza chochote.

Mhoja alimpelekea Nkwabi barua hiyo asubuhi. Alimkuta gerejini, kwenye benchi, anaosha gia kwa mafuta ya taa. Ndiyo kazi anayoifanya siku hizi. Mafundi wa kando ya barabara humletea giaboksi zilizofunguliwa kwingine, anazitengeneza, zinarudi. Shimo limefunikwa kwa mbao. Modesta alitaka kuanikia dagaa juu yake, akakatazwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mtoto anaendeleaje?"

"Anakula tu." Mhoja aliiweka barua juu ya benchi, mbali na mafuta. "Imebaki yako."

Nkwabi aliisoma yote, taratibu, kisha akairudia.

"Barabara itapita wapi?"

"Unajua itapita wapi."

"Sema."

"Hapa. Juu ya shimo."

Modesta alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono ina unga. "Baba Evelina," alisema, "hilo shimo unalilindia nini? Hakuna gari litakalokuja."

"Nimelichimba."

"Sikuuliza hilo."

Nkwabi aliikunja barua kwenye mikunjo yake ileile, akamrudishia Mhoja kwa ncha za vidole asiitie mafuta.

"Nilichoma hilo jiwe miezi saba," alisema. "Nikisaini, nitakuwa nimelichimba ili wapite watu wengine."

"Na sisi mzee tuendelee kupita kiubavu?"

"Mnapita."

Mhoja alitazama mbao zilizofunika shimo, kisha akamtazama Modesta, ambaye alikuwa ameshageuka kurudi jikoni. Alitia barua mfukoni mwa shati na kutoka. Njiani, watu wawili walikuwa wanapandisha mkokoteni mpana wenye giaboksi ya lori, kazi ya Nkwabi, mmoja akivuta na mwingine akisukuma, na hapakuwa na nafasi ya kupishana. Mhoja aliugeuzia ukuta mgongo, akajibana, akavuta tumbo ndani, wakapita.